Watoto waone mraba kabla ya fomula

Kwako Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na walimu wenzetu wa Lamu kuhusu milinganyo ya kipeo cha pili, yaani ile yenye x². Fomula yake hutolewa mapema mno. Mtoto huihifadhi, kisha alama moja ikimponyoka hana pa kujishikia.

Chukueni ua wa nyumba ya mawe wenye eneo la mita 40 za mraba, urefu wake umezidi upana kwa mita 6. Upana ukiwa x, basi x² + 6x = 40. Mchoreeni mtoto, hata mchangani: mraba wa x kwa x, na ubavuni mwake ukanda wa 6 kwa x. Ukateni ukanda huo vipande viwili vyenye upana wa 3. Kimoja kibaki ubavuni, cha pili kishushwe chini ya mraba. Kwenye kona patabaki pengo la 3 kwa 3, yaani 9. Lizibeni. Sasa mna mraba kamili wenye ubavu wa x + 3, na eneo lake ni 40 + 9 = 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, kwa hiyo x ni 4. Ua ni mita 4 kwa 10.

Ndivyo al-Khwarizmi alivyochora katika karne ya 9 kule Baghdad. Neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr, neno la Kiarabu linalotumika pia kwa kuunga mfupa.

Mchoro huohuo ndio dawa ya kosa sugu la kuandika (x + 3)² = x² + 9. Aliyevishika vile vipande viwili haisahau 6x kwa wepesi.

Lipo na jibu la pili, −10, kwa kuwa −7 ikijizidisha nayo hutoa 49. Upana hauwi hasi, kwa hiyo hapa tunaliacha; mlinganyo usiohusu kipimo cha kitu unataka majibu yote mawili.

Ukihamisha 40, x² + 6x − 40 = 0 huandikwa kwa mabano, (x + 10)(x − 4) = 0; hapo upande wa pili sharti uwe sifuri. Wapo wanaoandika x(x + 6) = 40 wakakimbilia kusema x = 40. Na x² = 6x isigawanywe kwa x: jibu la 0 litapotea.

Ndipo ije fomula: kwa ax² + bx + c = 0, x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a. Hapa a ni 1, b ni 6 na c ni −40, kwa hiyo b² − 4ac ni 36 + 160 = 196, na kipeuo chake ni 14. Anayesahau kwamba 40 ni hasi hupata 36 − 160 = −124, akaandika kuwa hakuna jibu. Mwingine hugawanya 14 peke yake kwa 2, akabaki na −6 + 7 = 1. Mstari wa kugawanya lazima upite chini ya −6 pia. Airudishe ile 1 kwenye mlinganyo: 1 + 6 ni 7, si 40. Kuhakiki huko ni kazi ya nusu dakika, na tunaomba kupewe alama hata katika majaribio ya darasani.

Walimu wa hisabati,
Lamu