Pimeni udongo kabla ya kupima viwanja

Mhariri,

Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukata mashamba kuwa viwanja. Sasa nimestaafu, naweza kusema.

Shimo la bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, si refu, lakini linatosha kukuonyesha shamba lilivyo. Kuna mahali kijana wangu alipiga jembe likazama lote: udongo mweusi, laini, minyoo ikijikunja juani, jiwe hata moja hakuna. Tukamwaga zege, tukaandika namba, tukahamia shimo la pili. Siku ile tulikata viwanja 40. Fomu niliyojaza iliuliza mipaka, ukubwa na barabara ya kuingilia. Udongo haikuuliza.

Miji hula mashamba yaliyo bora, na sababu inajulikana. Watu wa kale walikaa penye rutuba na maji, mji ukakulia hapo hapo. Tena ardhi tambarare isiyotuamisha maji humfaa mjenzi kama inavyomfaa mkulima, ila mjenzi ndiye mwenye fedha. Na shamba likishafunikwa ndiyo basi: FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, linasema sentimita mbili tatu za udongo huweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujijenga.

Ombi langu: kibali cha kubadili matumizi ya shamba kisitolewe kabla udongo haujapimwa na daraja la ubora wake kuchorwa kwenye ramani ya mipango. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilitenga ardhi ya kilimo kwa sheria tangu 1973, na haitolewi humo bila tume kukubali. Wenye ardhi walipiga kelele, na ninawaelewa. Ukimzuia mkulima kuuza shamba huku mazao yake hayana soko, umemfunga tu. Wengi waliokuja ofisini kwangu hawakuchoka kulima. Walichoka kuvuna wote wiki moja, bila ghala, mbele ya mnunuzi mmoja anayejipangia bei. Ghala na chumba cha baridi vikiwa karibu, na shule na hospitali zikinunua kwa mikataba ya msimu, baadhi yao wasingenitafuta.

Mzee mmoja alishika kalamu kusaini mauzo ya shamba lake, akaniuliza kama ataruhusiwa kuvuna kabla katapila halijaingia. Nilimwambia amwulize mnunuzi.

Mpima ardhi mstaafu