Kiwanda kikifilisika, garanti yetu inabaki kwa nani?

Bwana Mhariri,

Fundi wa Katuba au wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akirudisha dukani mashini ya umeme iliyokufa, kama msumeno au drili, siku hizi anapewa jibu moja: "Kiwanda kilifunga, hatuna la kufanya." Anayelisema ni yule yule aliyepokea dola zake na kumwandikia fakitire, yaani hati ya mauzo. Mimi ni seremala, na jibu hilo nalikataa.

Mashini za bei nafuu zimetusaidia sana. Kijana anayetoka kujifunza kazi hawezi kununua ya Kijerumani au ya Kijapani, na bila hiyo ya bei ndogo angekuwa bado anaazima msumeno wa jirani. Tatizo ni jinsi kampuni zinazozitengeneza zinavyoishi. Faida yao kwa mashini moja ni ndogo, kwa hiyo lazima ziuze nyingi bila kupumzika. Mzigo unalipwa China miezi kadhaa kabla haujaingiza senti. Mara nyingi wanunuzi wakubwa ni wachache, na mmoja akihamia kwingine pengo lake halizibiki.

Australia waliyaona hayo wakati wa mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008. GMC, kampuni ya Melbourne, ilikuwa imeijaza nchi ile mashini za bei ya chini zilizotengenezwa China. Julai mwaka ule dola moja ya Australia ilikaribia senti 98 za Marekani. Kufika mwisho wa Oktoba ilikuwa imeporomoka hadi karibu senti 60. Piga hesabu ya mtu anayelipa mzigo kwa dola ya Marekani na kuuza kwa dola ya kwao: mzigo ule ule unampanda kwa zaidi ya nusu, na wateja nao wamefunga mifuko. GMC haikuvuka. Ilianguka pamoja na Triton, jina la meza za useremala alizobuni George Lewin miaka ya 1970, ambalo GMC ilikuwa imelinunua. Kazi nzuri ya mtu iliburutwa na hesabu ambazo hazikuwa zake.

Sisi wa Katanga hatuna haja ya kuelezwa mwaka ule ulikuwaje. Shaba iliyouzwa zaidi ya dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka ilikuwa chini ya dola 3,000 mwezi Desemba. Tanuru zilizimwa Likasi, Kolwezi na hapa Lubumbashi, na baadhi ya wenye viwanda wakaondoka bila kuwalipa watu.

Baadaye majina ya GMC na Triton yalichukuliwa na Toolstream, kampuni ya Uingereza. Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Wanaona jina liko hai kwenye katoni mpya, wanadhani mambo yanaendelea kama zamani. Anayenunua jina kwa mfilisi kwa kawaida hanunui garanti za zamani, wala halazimiki kutengeneza piesi, yaani vipuri, za mashini za kale. Na katika kufilisi kuna foleni: gharama za mahakama, mishahara ya wafanyakazi, benki zenye dhamana, kisha wadai wa kawaida wanaogawana makombo. Mtu wa Katuba mwenye kikaratasi cha garanti hafiki hata mlangoni.

Angalia kinachotokea atelie, yaani kwenye karakana zetu. Charbon za mota, vile vipande viwili vinavyosugua ndani na kupitisha umeme, huisha. Ndiyo kazi yake. Usipopata za kipimo chake, unachukua za mashini nyingine kubwa zaidi na kuzisugua kwenye msasa hadi ziingie. Zikikaa upande, mota inatoa cheche za kijani, shaba ya ndani inaliwa, na mashini iliyohitaji kitu cha bei ya mkate inatupwa. Za betri ni mbaya zaidi. Tunazinunua kwa sababu ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, lakini betri ya chapa moja haiingii kwenye mashini ya chapa nyingine, kwa makusudi. Ya volti 18 ina ndani angalau seli tano za lithiamu zilizofuatana. Vijana wanaifungua na kupachika seli zilizotoka kwenye kompyuta mbovu, zenye nguvu zisizolingana, kisha wanaiacha kwenye chaja usiku ndani ya nyumba wanamolala watoto. Hilo linaniogopesha kuliko makuta yaliyopotea.

Sheria si kwamba haipo. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado tunaitumia Kongo, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Inamtaja muuzaji, na muuzaji wetu yuko hapa mjini, depo yake iko wazi. Kweli, sheria hiyo haimlazimishi kuweka charbon kwenye rafu. Hapo ndipo naziomba OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na FEC, shirikisho la wenye biashara wa Kongo, zifanye kazi yao. OCC inakagua mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Imuulize mwenye kontena la mashini kama ameleta pia charbon, swichi na betri za akiba. FEC iwatake wanachama wake waandike kwenye fakitire kwamba garanti inabebwa na mwenye depo mwenyewe, kwa muda uliotajwa.

Na gazeti lenu, Bwana Mhariri, linaweza kuanza hata wiki hii. Mtumeni mwandishi azunguke madepo ya mjini, aulize piesi za kila chapa inayouzwa pale, na mchapishe majina ya chapa ambazo piesi zake zipo.

Seremala,
Komini ya Katuba, Lubumbashi