Mita 60 kutoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile taarifa yenu ya vigingi vya mpaka vilivyochomekwa kando ya mto kwenye Bonde la Kilombero imenishinda. Mwandishi wenu ameshangilia kwamba mita 60 za kando ya mto sasa zimelindwa. Mita 60 kutoka wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazungumzia ukingo wa mto. Mpimaji anakuja Oktoba, mto umenywea, anashika tepu pale yalipo maji na kuanza kuhesabu. Ikifika Aprili maji yametambaa kilomita kadhaa kwenye mbuga ya majani, na kinachoonekana cha kigingi ni kichwa tu, wavuvi wanafungia mitumbwi. Mbuga hiyo inayofunikwa ndiyo bonde lenyewe! Kambale huingia humo kuzaa katikati ya majani yaliyofurika. Maji yakishuka huacha majani mabichi, na sheshe, swala wa mabondeni, huyafuata hadi mtoni. Yakipanda, sheshe hurudi pembezoni kwenye misitu ya miombo. Leo pembezoni ni mpunga mtupu, na njiani kuna ng'ombe. Mnyama huyo arudi wapi? Matete nayo yanafyekwa na kuchomwa ili shamba lisogee hatua tano. Mizizi ya matete ndiyo inayoshika udongo. Ikishaoza, maji yanakula ukingo kwa chini, juu panabaki kama paa lisilo na nguzo, kisha panaporomoka. Aliyeongeza hatua tano anapoteza kumi, na udongo wake unakwenda kufukia madimbwi wanamosalia samaki wakati wa kiangazi. Kwenye matete hayohayo ndiko anakofuma kiota mnana wa Kilombero, ndege asiyepatikana nje ya bonde hili. Neno moja juu yake hamkuandika.

Halafu ile picha. Mliyemwita sheshe ni swala pala: ana mistari myeusi matakoni na pembe ndefu zilizopinda. Sheshe hana mistari hiyo, na pembe zake ni fupi na nene. Kama gazeti halimtambui, mgambo wa kijiji atamlindaje?

Ardhioevu hii ya kilomita za mraba 7,967 imo tangu 2002 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na Mto Kilombero ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Wanaotegemea umeme wa Bwawa la Nyerere, lililo kwenye Rufiji hiyohiyo, nao waulize udongo huo unaishia wapi.

Ushauri wangu ni mdogo. Vigingi ving'olewe. Mpimaji arudi Aprili, apande mtumbwi hadi maji yanapokomea, achomeke mti kila baada ya mita 200, na hizo 60 azihesabu kuanzia hapo kuelekea nchi kavu. Zege la vigingi vipya lisubiri Agosti. Suruali ya mpimaji ikirudi kavu, posho isilipwe.

Msomaji wenu,
Ifakara