Roxane si mjinga, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Nimefurahi kusikia utaigiza kama Roxane katika tamthilia ya Cyrano de Bergerac, ila lalamiko lako halijanitoka kichwani. Unasema umepewa mwanamke mjinga, eti hakuitambua hata sauti ya binamu yake Cyrano, aliyecheza naye utotoni. Hapo umemwonea.

Rudi kwenye lile onyesho la roshani, sehemu ya tatu. Ni usiku, Roxane yuko juu. Christian, kijana mwenye sura nzuri asiyejua kusema mapenzi, yuko chini anahangaika kutamka maneno anayonong'onezwa na Cyrano, ambaye naye anampenda Roxane kwa siri. Roxane anauliza: mbona leo maneno yako yanasitasita? Anajibiwa kwamba ni giza, maneno yanapapasa yakilitafuta sikio lake. Baadaye, Cyrano akiwa ameshashika zamu mwenyewe, Roxane anasema waziwazi kwamba sauti imekuwa nyingine kabisa. Anajibiwa tena, kwa utamu kuliko mara ya kwanza. Kila akiukaribia ukweli anafunikwa kwa maneno. Basi ukiyasema maswali hayo, uliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Usiyapitie haraka ili mwenzako apate kutamba na mashairi yake.

Sina ugomvi na kuazima maneno. Hata baba yako alimtuma mshenga aje kwetu, na mshenga alisema vizuri kuliko yeye. Lakini pale barazani kila mtu alijua ni mshenga anayesema, na anasema kwa niaba ya nani. Cyrano ni mshenga aliyejificha, akamwacha bibi harusi adhani anasikia sauti ya bwana harusi. Tangu mchezo huu wa Edmond Rostand ulipooneshwa Paris kwa mara ya kwanza, Desemba 1897, watu wanamlilia Cyrano kwa ile pua yake kubwa inayomfanya ajione mbaya, na kwa moyo wake mkubwa. Hata mimi humlilia. Ila nikimaliza kulia najiuliza: Roxane aliulizwa lini?

Tazama kule Arras, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, vitani, mwaka 1640. Cyrano anahatarisha maisha kila siku kuvuka mistari ya Wahispania apeleke barua anazomwandikia Roxane yeye mwenyewe, ila kwa jina la Christian. Barua hizo ndizo zinazomtoa Roxane Paris, akapita katikati ya maadui na gari lililojaa chakula kwa askari wenye njaa. Mjinga hafanyi hivyo. Akifika anamwomba Christian msamaha kwamba mwanzoni alimpendea sura. Sasa anaipenda nafsi yake, na hata angekuwa na sura mbaya angempenda vilevile. Roxane anadhani anatoa zawadi, kumbe anamchoma kijana wa watu, maana nafsi hiyo si yake. Na hapa naomba umtendee haki Christian, ambaye waigizaji wengi humfanya sanamu zuri lisilo na akili. Ndiye peke yake anayesema Roxane aambiwe ukweli achague mwenyewe. Anamtuma Cyrano akaseme. Cyrano anafungua mdomo, risasi inampata Christian, na Cyrano anamnong'oneza anayekata roho kwamba ameshasema yote na aliyechaguliwa ni yeye. Ni uongo wa huruma, sawa. Lakini Christian alikufa akidhani Roxane amechagua, na Roxane hakujua hata kwamba palikuwa na la kuchagua.

Kisha kimya, mpaka 1655. Roxane amejifungia kwenye nyumba ya watawa, na ile barua ya mwisho, aliyokufa nayo Christian, yenye alama za machozi na damu, anayo kifuani. Cyrano anamtembelea kila Jumamosi, anamsimulia habari za mjini, anaondoka. Miaka yote hiyo mwanamke anamlilia mwandishi wa barua, na mwandishi ameketi mbele yake.

Sasa tazama ni nani anaufumua uongo. Cyrano, tayari ana jeraha la kichwa, anaomba aisome barua hiyo. Anasoma kwa sauti, jua linazama, naye anaendelea tu. Roxane ndiye anayeona kwamba kumeshaingia giza na hakuna macho yanayoweza kusoma. Cyrano anakana, anakana, mpaka anasema hakumpenda kamwe, na katika sentensi hiyohiyo anamwita mpenzi wangu. Hapo usimame wima. Anachouliza Roxane ni kwa nini alinyamaza miaka yote, ilhali machozi yaliyo kwenye karatasi ni yake. Cyrano anajibu kwamba damu ilikuwa ya Christian. Jibu zuri sana, ukumbi mzima utashusha pumzi, lakini halijibu swali.

Kwa hiyo mwongozaji wako akitaka ulipuke kwa kilio hapo, mwombe kwa adabu akuache kwanza umtazame Cyrano usoni, uonekane bado unasubiri kujibiwa.

Nakupenda,
Mama yako