Ezra Collective hawajaiacha jazz

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa muziki ameandika kwamba Dance, No One's Watching, albamu ya mwaka 2024 ya Ezra Collective, bendi ya London, inafaa klabu lakini si jazz, kwa kuwa afrobiti, hailaifu (muziki wa dansi wa Ghana) na rege vimeifunika. Napinga kabisa.

Jazz imekulia kwenye kumbi za dansi. Ukumbi wa Savoy, Harlem, New York, ulipofunguliwa 1926, watu walikwenda kucheza, na bendi ya Chick Webb ilisifiwa kwa kuwachezesha. Kuisikiliza watu wakiwa wamekaa kimya kulikuja baadaye. Sisi tuliokuzwa na nyimbo za dansi za bendi za Morogoro Jazz na Western Jazz ndio tungekuwa wa mwisho kushangaa.

Halafu, huo mchanganyiko haukubandikwa juu. Femi Koleoso, mpiga dramu wao, alifundishwa na Tony Allen, yule aliyempigia dramu Fela Kuti, Mnigeria mwasisi wa afrobiti. Afrobiti imo mikononi mwake. Tarumbeta ya Ife Ogunjobi na saksafoni ya James Mollison hushika kiitikio pamoja, kisha kila mmoja huachiwa uwanja abuni papo hapo, huku TJ Koleoso akilishikilia besi na Joe Armon-Jones akiwageuzia njia kwenye kinanda. Kama kubuni huko si jazz, mchambuzi atuambie jazz ni nini.

Kilichoniuma zaidi ni alichokiacha. Vijana hawa walikutana Tomorrow's Warriors, mradi ulioanzishwa London mwaka 1991 na Gary Crosby na Janine Irons, unaofundisha vijana muziki bila malipo. Humo wamepita pia wapiga saksafoni Nubya Garcia na Shabaka Hutchings. Mwaka 2023 Ezra Collective walitwaa Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, kundi la kwanza la jazz kuipata tangu ianze 1992, na Femi alipopanda jukwaani alizishukuru taasisi zinazolea vijana kimuziki. Hilo lilistahili nafasi kuliko mabishano ya nini ni jazz na nini siyo.

Huku kwetu, kijana mwenye hamu ya tarumbeta mara nyingi hutegemea bendi ya kanisa, ya polisi au ya jeshi. Naomba mwandishi wenu awafuate walimu wa bendi hizo, awaulize wanafundisha wangapi, vyombo wanavipata wapi, na nani anavilipia.

Msomaji wenu,
Morogoro