Mtathmini afundishwe kuzungumza na mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mafunzo ya watathmini wa ustawi wa jamii, wale wanaokwenda kwa mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu kupima anahitaji msaada gani. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi kabla sijastaafu, na miaka ya mwanzo niliifanya vibaya.

Mzee mmoja nilimkuta ameketi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikafungua fomu. "Mzee, unaweza kuvaa mwenyewe?" Ndiyo. "Kuoga?" Ndiyo. "Kula?" Ndiyo. Robo saa haikwisha, visanduku vyote vikawa vimetiwa alama. Nikiwa nafunga mkoba nikamwuliza, kwa mazoea tu, usiku alilalaje. Akasema amelala na shati. Vidole vyake haviwezi vifungo tena. Binti yake akija Jumapili humvalisha, naye halivui mpaka Jumapili nyingine. Swali la kuoga likajijibu lenyewe.

Zile ndiyo zake sikumlaumu nazo. Nani anapenda kumkiria mgeni mwenye kalamu mkononi kwamba hawezi kujiogesha? Na swali lenyewe lilikuwa limeshamchagulia jibu.

Sina ugomvi na fomu. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuweza kujizuia haja, na kula. Mpaka leo mambo hayo yamo katika fomu nyingi za tathmini, na ni mambo ya msingi kweli. Lakini kipimo kinakuambia ujue nini. Hakikukuagiza uyapige maswali mfululizo kama askari anayeandikisha maelezo ya mtuhumiwa.

Njia nyingine ipo, na si ngeni. Mwanasaikolojia Carl Rogers alishaandika tangu katikati ya karne iliyopita kwamba mwenye shida ndiye anayeyajua maisha yake, na kazi ya mtaalamu ni kumsikiliza bila kumhukumu. William Miller akaendeleza fikra hizo kuanzia 1983 katika mahojiano ya kumwamshia mtu hamasa yake mwenyewe. Kwa mtathmini, hayo yote hushuka kwenye vitu vidogo. Badala ya "unaweza kuvaa?", sema, "Nieleze asubuhi ya jana, tangu ulipoamka." Akikuambia siku hizi anachoka, mrudishie: "Siku hizi unachoka." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi. Sekunde tano za kimya nilikuwa naziona kama saa nzima, nami nikakimbilia swali linalofuata wakati mtu ndiyo kwanza anajikusanya aseme. Mtoto wake akimjibia, mshukuru, kisha mgeukie mwenyewe. Ukimaliza, msomee ulichoandika akurekebishe. Kwangu mimi walirekebisha karibu kila mara.

Sasa haya hayafundishiki kwa semina ya siku mbili, slaidi, cheti na picha ya pamoja. Nimehudhuria semina za namna hiyo, vyeti ninavyo. Mwaka 2004 Miller na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wataalamu 140 wa tiba ya uraibu waliojifunza mahojiano hayo kwa njia tofauti. Waliopata semina peke yake walipanda, kisha baada ya miezi michache wakaanza kuteremka kurudi walikotoka. Ujuzi uliwashika zaidi wale ambao mahojiano yao yalisikilizwa wakapewa mrejesho, au waliokuwa na mtu wa kuwaelekeza baada ya semina.

Ninachoomba kwa wenye bajeti za mafunzo ni hicho: nusu ya fedha za ukumbi ziende kwa msimamizi atakayekaa na mtathmini kila mwezi, wasikilize pamoja mahojiano halisi yaliyorekodiwa kwa idhini ya mhusika, wasimamishe pale mtu alipokatizwa. Na miongoni mwa wakufunzi wawemo watu waliowahi kutathminiwa. Hao hawatakuambia habari za nadharia. Watakuambia ulivyokuwa ukitazama karatasi muda wote.

Najua jibu litakalokuja: muda hautoshi, foleni ni ndefu. Ni kweli foleni ni ndefu. Lakini tathmini iliyokosewa huzaa rufaa, huzaa tathmini ya pili, na katikati yake mtu anakaa bila msaada aliostahili. Kwa mzee yule nilirudi wiki iliyofuata na fomu mpya, na safari hiyo nikaanzia kwenye shati.

Mtathmini mstaafu