Aya moja, wasikilizaji wawili: tufundisheje?

Mhariri,

Bwana asifiwe. Sisi ni viongozi wa ushirika wa nyumbani huku Mikindani, Mombasa, na tunaomba shauri la wasomaji waliolea waumini wachanga kwa miaka mingi.

Tatizo letu liko kwenye Wafilipi 3:13, pale Paulo anaposahau yaliyo nyuma na kuyachuchumilia yaliyo mbele. Hayo ya nyuma si dhambi tu. Aya ya 5 na ya 6 zinataja tohara ya siku ya nane, kabila la Benyamini, Ufarisayo: zote ni sifa. Wala hayo ya nyuma hakuyafuta kichwani. Mbele ya mfalme Agripa, Matendo 26, anaeleza wazi alivyowatesa watakatifu. Alichoacha ni kujipima kwa hayo. Na kuchuchumia, kwa mtu wa Pwani, hakuhitaji kamusi: umesimama kwa ncha za vidole, mkono umeunyoosha kwenye rafu ya juu. Geuza shingo nyuma hapo uone utakavyoyumba.

Shida ni kwamba aya hii inasikiwa na watu wawili walioketi benchi moja.

Wa kwanza ameokoka akiwa na deni la duka, tuseme shilingi 6,000, na siku hizi anapita njia ya uchochoroni asionekane. Ukimuuliza, anakujibu kwa 2 Wakorintho 5:17: ya kale yamepita. Huyu tunamfungulia Luka 19:8, Zakayo mtoza ushuru na ahadi yake ya kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Tunakaa naye na daftari: anadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini. Kisha aende mwenyewe kwa mwenye duka kabla ya kutuma chochote kwa simu, maana hela bila uso haziombi radhi. Baada ya hapo, 500 kila Jumamosi kwa wiki 12. Kinachoharibu ni ule moto wa mwanzo: anaahidi 2,000 kwa wiki, anakwama, anaona haya, kisha duka na ibada anavikimbia pamoja.

Wa pili ameshalipa, ametubu, amesamehewa, na bado kila Jumapili wanapoitwa wanaotaka kuokoka, yeye yuko mbele tena. Tunamwandikia tarehe aliyotubu kwenye kikaratasi, akiweke ndani ya Biblia penye 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe. Tunampa Injili ya Marko, sura moja kwa siku, siku 16, na kazi ya mikono: kupanga viti, kumpelekea mgonjwa uji. Inasaidia. Lakini kinachomvuta nyuma ni kipindi chetu wenyewe cha ushuhuda. Anayesimulia pombe ya mnazi, bangi na waganga hupigiwa makofi. Anayesema wiki hii amesali alfajiri siku nne, hapati hata amina. Basi mtu hujifunza kuwa thamani yake kanisani ni ule uchafu aliotoka, na kila wiki anauongezea chumvi. Hili linatuuma sana.

Tunataka ushuhuda uwe wa dakika 3, ujibu swali moja: Mungu amekutendea nini tangu tulipokutana mara ya mwisho? Baadhi ya wazee wanapinga. Wanasema mgeni aliyefungwa na pombe anahitaji kumsikia mwenzake aliyefunguliwa, na hoja yao ina uzito, kwani Paulo naye alishuhudia.

Wapendwa, mnawafundishaje hawa wawili jioni moja? Ukimkazia wa kwanza, wa pili anarudi nyumbani kutafuta deni ambalo halipo. Ukimfariji wa pili, wa kwanza anapumua na duka analisahau. Je, mnawatenganisha?

Na mdai akiwa amefariki bila jamaa anayejulikana, hela zipelekwe wapi? Hesabu 5:8 inampa kuhani, lakini sisi tunaogopa kuzipokea kwa mikono yetu.

Wenu katika Kristo,
Viongozi wa ushirika, Mikindani